Maandamano Ambayo Hayakuvuka Mpaka: Bayard Rustin, mwaka 1962, na njia ya kwenda Kongwa

"Mwalimu, kwani hawa hawakuandamana kwanza?"

Aliyeuliza ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Tulikuwa tumesimama mbele ya makaburi ya wapigania uhuru pale Kongwa, jua la saa saba likichoma, na ule upepo wa kwetu Dodoma ukitujaza vumbi mdomoni. Nikamjibu upesi, kama tunavyojibu walimu wenye njaa: "Waliandamana, wakapigwa risasi." Safari ikaendelea. Jioni gari likarudi mjini kupitia Mbande, watoto wakaimba mpaka wakasinzia. Mimi usingizi haukuja.

Nilichomwambia hakikuwa uongo, ila kilikuwa nusu ya jibu. Nusu ya pili inamhusu Mmarekani mweusi, Mkweka kwa imani, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1962 na mpango wa kuvuka mpaka wa kusini-magharibi mwa Tanganyika kwa miguu, bila silaha, pamoja na watu wengine. Hawakuvuka. Miaka miwili baadaye kambi ya wapigania uhuru ya Kongwa ikafunguliwa. Kisa ninachotaka kukichambua ni hicho: kwa nini matembezi yale hayakufanyika, na kutofanyika kwake kunatuambia nini kuhusu waliolala chini ya yale makaburi.

Nianze na mtu mwenyewe. Bayard Rustin alizaliwa tarehe 17 Machi 1912 katika mji wa West Chester, Pennsylvania, akalelewa na bibi yake, Julia, ambaye malezi yake yalijaa mafundisho ya Wakweka. (Msomaji wa Kilimanjaro asishtuke, siuzungumzii ukoo wa Kweka wa Machame.) Wakweka, ambao wenyewe hujiita Marafiki, ni Wakristo waliotokea Uingereza katika karne ya 17. Ibada yao ya asili ni kukaa kimya mpaka mtu asukumwe na Roho kusema neno. Mwaka 1661 walimwandikia Mfalme Charles wa Pili kwamba wao hawatashika silaha, iwe kwa ajili ya ufalme wa Kristo au falme za dunia hii. Majirani zetu wa Kenya wanawafahamu kuliko sisi: wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo hakuna nchi yenye Marafiki wengi kama Kenya.

Kwa imani hiyo Rustin alikataa kuandikishwa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, akafungwa kuanzia 1944 hadi 1946. Mwaka 1947 alipanda mabasi ya kusini mwa Marekani pamoja na wenzake, weusi kwa weupe, kupima kama hukumu ya mahakama dhidi ya ubaguzi ilikuwa inaheshimiwa. Haikuwa inaheshimiwa. Alihukumiwa kazi ngumu huko North Carolina, na mwaka 1949 akatumikia siku 22 barabarani katika genge la wafungwa, kisha akayaandika magazetini aliyoyaona. Kalamu hakuiacha tena. Mwaka 1971 makala zake zilikusanywa kuwa kitabu.

Kuna jambo moja la mwaka 1956 ambalo huwa nawasimulia wanafunzi kwa sababu hawalitegemei. Rustin alipokwenda Montgomery, Alabama, kumsaidia mchungaji kijana aliyeitwa Martin Luther King, alikuta bunduki nyumbani kwake. Nyumba ilikuwa imelipuliwa kwa bomu, mke na mtoto mchanga wakiwa ndani, na jamaa wakaona ni akili kujilinda. Rustin alikaa naye, wakazungumza, na bunduki zikaondoka. Kwa hiyo huyu mtu alipokuja Afrika alikuwa anajua vizuri kwamba kukataa silaha si jambo ambalo watu huzaliwa nalo. Hufundishwa, tena hufundishwa wakati hofu ipo mlangoni.

Kwa nini basi jina lake halivumi? Sababu mojawapo ni kwamba alikuwa shoga. Mwaka 1953 alikamatwa Pasadena kwa jambo hilo, na shirika la amani alilolitumikia kwa miaka mingi likamwachisha kazi. Kijitabu cha Marafiki cha mwaka 1955 kuhusu njia mbadala ya vita, ambacho alishiriki kukiandika, kilitoka bila jina lake. Akazoea kufanya kazi nyuma ya pazia, wengine wakipanda jukwaani.

Wiki tatu za Desemba

Sasa tuje kwenye kalenda, maana kisa hiki kinaeleweka kwa kalenda.

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Tarehe 16 Desemba, wiki moja tu baadaye, Umkhonto we Sizwe, kikosi cha silaha, ilianza kulipua mitambo Afrika Kusini: watu wa chama cha ANC, waliopigania haki bila silaha kwa karibu miaka 50, walikuwa wamefika mwisho wa subira. Na tarehe 28 Desemba, huko Brummana, Lebanon, katika shule ya Marafiki, wapenda amani kutoka mabara mbalimbali walikusanyika, na kufikia Mwaka Mpya wakawa wameunda kikosi walichokiita Brigedi ya Amani ya Dunia. Viongozi wenza walikuwa watatu: A. J. Muste wa Marekani, padri wa Kianglikana Michael Scott wa Uingereza, na Jayaprakash Narayan wa India, mfuasi wa Gandhi.

Ukiziweka tarehe hizo tatu pamoja unaona jinsi mambo yalivyopishana. Wakati wenye njia ya amani wanaunda kikosi chao, wale waliokuwa mfano wao mkubwa barani Afrika walikuwa wameshaanza kutafuta baruti.

Brigedi ilichagua Afrika kuwa kazi yake ya kwanza, na Dar es Salaam kuwa makao. Walioipa uhai pale walikuwa Rustin, Scott na Bill Sutherland, Mmarekani mweusi ambaye naye alifungwa kwa kukataa jeshi, na ambaye tangu 1953 alikuwa akiishi Ghana. Watatu hawa walishajuana safarini: mwishoni mwa 1959 walikuwa katika msafara ulioondoka Accra kwenda jangwani Sahara kuzuia bomu la nyuklia la Wafaransa. Wafaransa waliwasimamisha njiani, na bomu likalipuliwa tarehe 13 Februari 1960 kama lilivyopangwa. Walikuwa na uzoefu wa kutofika.

Februari 1962 wakaenda Addis Ababa, kwenye mkutano wa vyama vya ukombozi vya Afrika Mashariki na Kati. Mandela alikuwapo, na hotuba yake haikuwa ya mtu anayeongeza subira. Kaunda alikuwapo pia. Na kwa Kaunda mlango ulifunguka.

Nani alitaka nini

Hapa ndipo penye utamu wa kisa, kwa hiyo nisiharakishe.

Kaunda alikuwa kiongozi wa UNIP, chama kilichopigania uhuru huko Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Alikuwa amemsoma Gandhi na kumpenda kwa dhati. Lakini mwaka 1961 nchi yake ilipita katika vuguvugu lililoitwa Cha-cha-cha: barabara zilizibwa, madaraja yakavunjwa, shule zikachomwa, vitambulisho vikateketezwa motoni. Vijana wake hawakuwa wanamsikiliza Gandhi. Kaunda alihitaji kitu kikubwa cha kuwapa, chenye kishindo, ambacho hakina damu. Pia alihitaji London iamini kwamba ikimkatalia, mambo yataharibika.

Uingereza nayo ilikuwa kati ya mawe mawili. Upande mmoja waziri mkuu Roy Welensky na walowezi wa kizungu wa Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, upande mwingine UNIP. Katiba ya uchaguzi iliyokuwa mezani ilikuwa na hesabu za ajabu: viti 15 vya daftari la juu la wapiga kura (wengi wao wazungu), 15 vya daftari la chini (wengi wao Waafrika), na 15 ambavyo mgombea lazima apate asilimia fulani ya kura kutoka kila upande wa rangi. Niliwahi kujaribu kuieleza darasani nikaishia kufuta ubao mara mbili.

Brigedi, kwa upande wake, ilitaka kuonyesha Afrika nzima kwamba njia ya amani haijafa. Mpango ukawa huu: UNIP ikiitisha mgomo wa nchi nzima, siku hiyohiyo wageni wa brigedi pamoja na Waafrika wataanza kutembea kutoka Tanganyika na kuvuka mpaka. Wakikamatwa, dunia itaona. Wakipigwa risasi, dunia itaona zaidi.

Na Tanganyika? Nyerere alikuwa amejiuzulu uwaziri mkuu mwezi Januari 1962 ili kuimarisha TANU, serikali ikawa chini ya Rashidi Kawawa. Nchi ilikuwa na umri wa miezi miwili hivi, inakubali kuwa uwanja wa kurukia. Ni ujasiri ambao tunausahau tukisimulia habari za miaka ile.

Basi wakasubiri. Wakafanya mafunzo, wakahutubia, wakaandika barua, wakasubiri tena. London ikalegeza kidogo yale masharti ya kura. UNIP ikapima, ikaona bora kushiriki uchaguzi kuliko kugoma. Mgomo ukaahirishwa, na matembezi yaliyofungwa kwenye mgomo yakabaki yananing'inia. Oktoba 1962 watu wakapiga kura. UNIP na chama kingine cha Waafrika, cha Harry Nkumbula, wakaungana kuunda serikali. Shirikisho la Welensky likavunjwa tarehe 31 Desemba 1963, na Zambia ikazaliwa tarehe 24 Oktoba 1964.

Rustin alisharudi kwao. Tarehe 28 Agosti 1963, Washington, alikuwa ndiye mpangaji mkuu wa yale maandamano ya watu wapatao 250,000 ambapo King alitoa hotuba inayojulikana na kila mtu. Aliyapanga kwa takribani wiki nane: mabasi, vyoo, maji ya kunywa, mpaka chakula cha kubeba, akawashauri watu wasije na mikate ya mayonezi kwa sababu itachacha juani. Mwaka mmoja nyuma mtu huyohuyo alikuwa Dar es Salaam akisubiri ruhusa ya kutembea.

Kwa hiyo, matembezi yalishindwa?

Wanaoandika juu ya brigedi wengi huliweka tukio hili kwenye kapu la kushindwa. Mimi sikubaliani, au niseme nakubali nusu. Mbele ya Uingereza matembezi yale yalifanya kazi bila hatua hata moja kupigwa. Yalikuwa karata mkononi mwa Kaunda, na karata nzuri si lazima itupwe mezani. Siwezi kusema kwamba ndiyo iliyoilegeza London. Sababu zilikuwa nyingi. Lakini tishio la mgomo pamoja na wageni maarufu wanaotembea mbele ya magazeti ya dunia si kitu ambacho waziri wa makoloni angekipuuza.

Kosa la brigedi ninaliona kwingine. Mpango wao wote waliutundika kwenye uamuzi wa chama cha watu wengine. Mwenye mgomo alipoghairi, wao hawakubaki na lolote la kufanya. Na zaidi ya hapo, walichagua kesi iliyokuwa nyepesi kuliko zote zilizokuwa mlangoni, kisha wakataka iwe jibu kwa zile nzito.

Tazama ni nani waliokuwa Dar es Salaam mwaka huohuo. Tarehe 25 Juni 1962, katika jiji hilohilo, FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa. Watu wa Msumbiji walikuwa wanatoka wapi? Wengi walikuwa na jamaa waliokuwapo Mueda tarehe 16 Juni 1960, wananchi walipokwenda kwa mkuu wa Kireno kuzungumza habari za uhuru na kujibiwa kwa risasi. Wanamibia walikuwa na Windhoek, tarehe 10 Desemba 1959, watu 11 waliuawa wakipinga kuhamishwa kwa nguvu. Waafrika Kusini walikuwa na Sharpeville, tarehe 21 Machi 1960, maiti 69. Wote hawa walishaandamana. Mwanafunzi wangu aliuliza swali sahihi kabisa.

Maandamano yanahitaji mwamuzi. Alabama kulikuwa na serikali ya shirikisho na televisheni. Rustin alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Rhodesia ya Kaskazini kulikuwa na London, ambayo ilikuwa imeshaamua kuondoka Afrika na ilitafuta njia isiyo na aibu. Lakini Lisbon? Salazar, mtawala wa Ureno, hakuwa na bunge la kumsuta wala magazeti huru ya kumwanika, na Pretoria ilikuwa imeshaondoka katika Jumuiya ya Madola mwaka 1961. Mtu wa Mueda angetembea kwenda kwa nani?

Ndipo tunafika Kongwa. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoundwa Mei 1963, kamati yake ya ukombozi iliwekwa Dar es Salaam, na mwaka 1964 Tanzania ikatenga eneo hapa kwetu, kama kilomita 80 na ushee mashariki ya mji wa Dodoma, kwa ajili ya kambi za wapiganaji. Angalia orodha ya waliokaa: FRELIMO, ANC, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola, ZAPU ya Zimbabwe. Zambia haimo. Waliopata uchaguzi hawakuja Kongwa. Kongwa ni mkusanyiko wa wale ambao hakuna aliyewapa uchaguzi wa kuingia.

Mahali penyewe pana kichekesho chake, kama historia inaweza kuwa na kichekesho. Kambi ziliwekwa palipokuwa na mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kutupwa 1951 baada ya kula paundi zipatazo milioni 36. Wazee wa Kigogo walijua ardhi ile ikikauka inakuwa kama sementi na mvua zake hazina ahadi, ila hakuna aliyewauliza. Trekta zilipokosekana, vifaru vya vita aina ya Sherman viligeuzwa kuwa trekta na kuletwa kung'oa mibuyu na vichaka. Nabii Isaya aliona panga zikifuliwa kuwa majembe. Kongwa iliona jambo hilo kwa macho, likashindwa, na ndani ya miaka 13 shamba likawa uwanja wa kufundishia bunduki. Mwaka 1947 huohuo mashirika ya misaada ya Marafiki, la Uingereza na la Marekani, yalipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Sisemi tarehe hizo zinahusiana. Nasema tu kwamba nikizifundisha siku moja, darasa hunyamaza.

Aliyebaki

Sutherland hakurudi Marekani na Rustin. Alibaki Dar es Salaam kwa miaka mingi, baadaye akawa mwakilishi wa shirika la Marafiki wa Marekani kusini mwa Afrika. Fikiria hali yake: mtu aliyekwenda jela kwa sababu hataki kuua, anaishi katika mji ambao kila jioni anakula na watu wanaokwenda kupigana. Hakushika bunduki, na hakuwahukumu walioishika. Alizunguka Marekani akiwaeleza watu kwa nini serikali yao ilikuwa upande usiofaa. Mwaka 2000 alitoa kitabu, akishirikiana na Matt Meyer, kilichojaa mazungumzo na viongozi wa ukombozi juu ya swali lilelile la 1962, Nyerere na Kaunda wakiwemo. Alifariki tarehe 2 Januari 2010.

Kwangu mimi, Sutherland ndiye mwalimu wa kisa hiki zaidi ya Rustin, ingawa Rustin ndiye mwenye jina. Rustin alikuwa fundi: mpe tatizo la usafiri wa watu robo milioni, atalimaliza. Lakini fundi akikosa kazi huondoka na vifaa vyake. Sutherland hakuwa na kifaa cha kuwapa watu wa Kongwa, na bado hakuondoka.

Na tusiwafanye wa Kongwa kuwa watu waliopenda vita. Ilani ya Lusaka ya Aprili 1969, ambayo Nyerere na Kaunda waliitia mkono, ilisema wazi kwamba nchi zao zingependelea kuzungumza kuliko kuua. Lisbon na Pretoria hawakujibu kwa mazungumzo.

Wiki iliyofuata baada ya safari niliwagawa wanafunzi makundi manne: Kaunda, brigedi, serikali ya Tanganyika, na vijana wa Msumbiji. Nikawaambia tuko Dar es Salaam, Aprili 1962, amueni. Kundi la brigedi lilikuwa na maneno mazuri sana. Msichana mmoja alihutubia mpaka nikapiga makofi mwenyewe. Akamgeukia kijana aliyecheza Mmsumbiji, akamwambia, "Ndugu yangu, njoo tutembee wote." Kijana akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Nyie mkikamatwa, balozi wenu anakuja. Mimi anakuja nani?" Msichana akatafuta jibu kwenye daftari. Kengele ikalia.

Nimebakiza jambo moja la siku ile ya Kongwa. Kabla ya kuondoka tulimkuta bibi mmoja kivulini, amekaa na sinia la ubuyu. Tukamwamkia, "Mbukwa, bibi," akacheka kwa jinsi watoto wa mjini wanavyoitamka. Alikuwa msichana mdogo wakati wa kambi. Alikumbuka nyimbo za usiku, alikumbuka mpira, alikumbuka kwamba wengine walijifunza Kigogo haraka kuliko Kiswahili, na kwamba wako watoto waliozaliwa ambao baba zao waliondoka usiku. Nikamuuliza kama wale vijana walikuwa wakizungumzia vita au amani.

"Walikuwa wanazungumzia kwao tu, mwanangu," akasema. Kisha akauliza kama watoto wamekula, maana aliona wanautazama ubuyu.